Bahari iliwafundisha nini ambacho bado mnakitumia nchi kavu?

Kadeti Mtarajiwa, Dar es Salaam

Shikamooni wakubwa zangu, na salamu kwa wenzangu wa rika langu.

Nimemaliza masomo ya uongozaji wa meli katika chuo cha ubaharia hapa Dar es Salaam, na sasa ninasubiri nafasi ya ukadeti, kwa kuwa bila angalau miezi 12 ya utumishi baharini chini ya usimamizi, pamoja na kitabu cha mafunzo kilichojazwa na kutiwa saini, siwezi kupata cheti cha kuwa ofisa wa zamu. Nyumbani kwetu jambo hili limezua mjadala. Mjomba wangu, ambaye hajawahi kupanda chombo kikubwa kuliko pantoni ya Kigamboni, anashikilia kwamba bahari humkomaza mtu kuliko shule yoyote. Mama yangu anasema mabaharia aliowafahamu mtaani walirudi na masanduku ya nguo na hadithi za Santos na Rotterdam, lakini hakuona walichojifunza cha kuwasaidia kuishi na watu. Wengine hawakujua hata kukaa sebuleni na watoto wao wenyewe.

Ningependa kusikia kutoka kwa waliokaa baharini muda wa kutosha, iwe kwenye meli za mizigo, majahazi au mashua za uvuvi. Siulizi habari za mawimbi makubwa wala maharamia, maana hizo nimezisikia hadi zimenichosha. Ninauliza hivi: ni jambo gani mlilojifunza huko ambalo mnalitumia katika maisha ya nchi kavu, na je, linafaa kweli huku, au ni desturi ya melini tu ambayo mtu huibeba bila kujua ni ya nini?

Ofisa wa Zamu Mstaafu, Tanga

Marahaba, mwanangu. Mjomba wako amekosea jambo moja tu, nalo ni kudhani kwamba maji ya chumvi ndiyo yanayofundisha. Nimefanya kazi na watu waliozeeka baharini bila kujifunza kitu. Kinachofundisha ni zamu, ikiwa utaishika kama inavyotakiwa kushikwa.

Kwa miaka mingi nilikuwa ofisa wa pili, na zamu ya ofisa wa pili kwa kawaida ni ile ya saa sita hadi saa kumi, usiku na mchana. Usiku wa manane unabaki na mwangalizi mmoja gizani, nahodha amelala, na meli nzima iko mikononi mwako. Ukiona taa ya meli nyingine kwa mbali, hukisii. Unapima mwelekeo wake kwa dira, unangoja kidogo, unapima tena. Mwelekeo ukibadilika vya kutosha, kuna uwezekano mkubwa kwamba itapita mbele yako au nyuma yako. Mwelekeo usipobadilika huku umbali ukipungua, mnakwenda kukutana. Jambo ambalo kadeti huchelewa kulielewa ni kwamba meli ya namna hiyo, yaani ile ya hatari, huonekana kama imetulia. Haisogei kushoto wala kulia kwenye kioo, inakua tu. Nilipostaafu na kuingia katika biashara ya saruji pamoja na ndugu yangu, yeye alihangaika na wateja wenye kelele, waliolipa leo na kugoma kesho. Mimi niliwaangalia wale wapole ambao deni lao lilibaki pale pale kila mwezi na ahadi yao ikawa ile ile. Hao ndio waliokuwa karibu kutuzamisha.

Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini zinaeleza pia namna ya kukwepa, na kwangu mimi kanuni ya nane ingefaa kusomwa hata na watu ambao hawataiona bahari maisha yao yote. Inataka hatua yako ichukuliwe mapema, na iwe kubwa kiasi cha mwenzako kuiona bila kubahatisha. Inaonya dhidi ya kugeuza meli nyuzi chache, kisha chache tena, kisha chache tena. Usiku, yule wa upande wa pili hana namna ya kujua kwamba umegeuka nyuzi tano. Ataendelea na njia yake akiamini kwamba nawe unaendelea na yako. Ukigeuka kwa nyuzi 30 au zaidi, taa zako hubadilika machoni pake, naye anajua umeamua nini. Nimeshuhudia watu wakijitoa katika ubia, au katika uchumba, kwa nyuzi tano tano: leo hapokei simu, kesho anapokea ila ana haraka, wiki ijayo amesafiri. Halafu wanashangaa kwamba mwenzao amewagonga.

Kanuni nyingine, ya 17, inamhusu yule mwenye haki ya kushika njia yake. Haki hiyo anayo, lakini ikifika mahali ambapo hatua ya mwenzake peke yake haitoshi kuepusha mgongano, naye analazimika kuchukua hatua. Sina haja ya kueleza zaidi. Kila ukoo una mtu ambaye kesi ya shamba ilimmaliza akiwa na haki yake mkononi.

La mwisho ni kukabidhiana. Anayepokea zamu ya usiku haruhusiwi kuipokea hadi macho yake yazoee giza, kwa maana ametoka kwenye mwanga wa chumbani na haoni kitu hata kama anadhani anaona. Anayetoka haruhusiwi kukabidhi iwapo anaona mwenzake hayuko katika hali ya kuimudu kazi, na kama kuna meli inayokwepwa, anaimaliza kwanza ndipo anakabidhi. Tulipomuuguza mama yetu kwa kupokezana, mimi na dada zangu, niliomba tufanye hivyo hivyo: dawa iliyotolewa na saa yake, alichokula, kinachotarajiwa usiku huo, na hakuna kuondoka daktari akiwa bado anaongea. Dada zangu walinicheka mwanzoni, wakasema nimeigeuza nyumba kuwa meli. Baada ya majuma machache wao ndio walionikaripia nilipochelewa kuandika.

Mwana wa Nungwi

Assalamu alaykum. Mimi sikupita chuo. Nilifunzwa na baba na ami zangu kwenye majahazi ya kubeba chokaa, boriti na mbata kati ya Unguja, Pemba, Tanga na Mombasa, kwa hiyo nitasema ya matanga, kwa kuwa ya injini yamekwisha kusemwa vizuri na mzee wa Tanga.

Kwenye chombo cha tanga unajua mapema kwamba upepo si wako. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, kusi huingia Aprili na kukaza Juni na Julai, na kati ya misimu hiyo kuna majuma ya upepo usio na msimamo. Biashara yote ya zamani kati ya pwani yetu na Arabuni na Bara Hindi ilipangwa juu ya kalenda hiyo: vyombo vilikuja na kaskazi, vikarudi na kusi, na nahodha aliyechelewa kung'oa nanga aliweza kukwama ugenini hadi msimu ugeuke tena. Watu wakisikia hivyo hudhani baharia wa tanga ni mtu wa kukaa barazani akitazama mawingu. Lakini kungoja kwetu kulikuwa na kazi nyingi kuliko safari yenyewe. Tuliyangoja maji ya bamvua, yanapojaa kupita siku nyingine, tukakisogeza chombo juu kabisa ufukweni. Maji yakikupwa, chombo kinabaki kimekaa mchangani kikiwa kimeegemezwa magogo, nasi tuna saa chache tu za kukwangua magamba, kukalafati, yaani kuziba maungio kwa pamba, kupaka mafuta ya sifa (ya papa) juu na deheni (mchanganyiko wa shahamu na chokaa) chini, kabla maji hayajarudi. Ukiikosa bamvua hiyo, unangoja nyingine, na huku wadudu wa baharini wanaendelea kuzitoboa mbao zako. Siku hizi kijana akiniambia kwamba yuko nyumbani anasubiri mtaji, au anasubiri majibu ya ajira, humwuliza amekalafati nini. Wengine huchukia swali hilo.

Kuna jambo jingine ambalo sikulisikia likitajwa hapo juu, nalo ni ngama, maji yanayokusanyika chini kabisa ya chombo. Chombo cha mbao kisichovuja hakijaundwa bado. Maji huingia chini polepole, na kuyateka ni kazi ya kila siku kama kupika. Nahodha niliyemtumikia kwa muda mrefu kuliko wengine hakuuliza hata siku moja kwa nini maji yameingia. Aliuliza kama yamezidi ya jana. Mabaharia wapya walikuwa wakishtuka kwa maji yoyote waliyoyaona, na baada ya mwezi wakawa hawashtuki kwa lolote, na hao wa pili ndio aliowagombeza. Mimi nimeishi na mke wangu miaka mingi, na nimelea watoto, kwa swali hilo hilo moja.

Kadeti ameuliza kuhusu mambo yanayofaa kweli huku. Basi nakwambia kwamba nahodha wa jahazi alikuwa na mamlaka makubwa, lakini mamlaka mazito kuliko yote aliyatumia akiwa bado nchi kavu, pale anaposema leo hatwendi. Wenye mizigo wamekasirika, abiria wana harusi na misiba ya kuwahi, na chombo kingine cha jirani kimekwisha kupandisha tanga. Nimewaona manahodha wakitukanwa kwa sababu ya neno hilo, na kesho yake pakawa shwari kabisa, kwa hiyo matusi yakaongezeka, nao hawakubadilisha tabia yao. Sitaki kusema mengi kuhusu MV Spice Islander I, kwa maana huku kwetu jambo hilo bado ni bichi. Ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba ikiwa imepakia watu na mizigo kupita uwezo wake. Walikufa baharini, lakini wakati wa kuwaokoa ulikuwa gatini, kamba zikiwa hazijafunguliwa, na yeyote mwenye sauti angeweza kusema hatwendi.

Mke wa Baharia, Mombasa

Nimesoma majibu ya kaka zangu kwa heshima, ila naona wote wawili wamejibu swali la mjomba na kuliacha la mama.

Mume wangu ni baharia wa sitaha kwenye meli za mizigo za kimataifa. Mkataba wake huwa wa miezi tisa, na Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 unataka baharia apate haki ya kurudishwa kwao kabla hajatimiza miezi 12 melini. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona, mabaharia wapatao 400,000 duniani walikuwa wamekwama melini baada ya mikataba yao kwisha, naye alikuwa miongoni mwao. Meli yao ilitia nanga mahali ambapo usiku aliziona taa za mji, lakini hakuruhusiwa kushuka. Watu humwambia kwamba alijifunza subira, naye hukasirika akisikia hivyo. Alichojifunza, kwa maneno yake, ni kuacha kabisa kufikiri habari ya kurudi: aliikata siku vipande vipande, akawa anafikiri kuhusu zamu iliyo mbele yake na chakula kinachofuata, basi.

Mbinu hiyo ilimwokoa, siwezi kuidharau. Lakini alirudi nayo. Nilipomwuliza kuhusu ada ya mwaka ujao, alinijibu kama mtu ambaye dunia yake inaishia kwenye zamu ya usiku huu. Melini usingizi ni sehemu ya kazi, na anayemwamsha mwenzake bila sababu amefanya kosa. Nyumbani watoto walijifunza kutembea kwa ncha za vidole katika nyumba yao wenyewe. Kuhusu maamuzi ya mapema na makubwa, aliyoyasifu mzee wa Tanga, mume wangu aliwahi kuamua kuuza kiwanja chetu kwa njia ya simu akiwa Singapore. Aliamua mapema, na akageuza meli kwa nyuzi nyingi kweli kweli, ila hakumwuliza mtu. Ofisa wa zamu haitishi kikao kabla ya kugeuza usukani, nami naelewa sababu. Lakini nyumba ina manahodha wawili, na mmoja wao ameishika zamu peke yake kwa miezi tisa mfululizo. Huyo anayerudi ndiye anayetoka kwenye mwanga, na ndiye macho yake hayajazoea. Kaka yangu ofisa, kanuni yako ya kukabidhiana ingetufaa sana siku ya kwanza anaposhuka uwanja wa ndege, kuliko hiyo ya nane.

Sisemi kwamba hakuna kilichotufaa. Anaposhika usukani, kila amri anayopewa huirudia kwa sauti kabla ya kuitekeleza, na akimaliza hutamka tena kwamba imetekelezwa. Tulianza kufanya hivyo kwenye simu, hasa wakati mtandao wa melini ulipokuwa mbaya na maneno yakikatika: yeye anasema, mimi narudia nilichosikia, ndipo najibu. Ugomvi wetu mwingi, tuligundua, ulitokana na kujibu jambo ambalo mwenzio hakulisema. Tunaendelea kufanya hivyo hata akiwa nyumbani, na mtoto wetu mkubwa ameiga, ingawa yeye huitumia kwa mzaha.

Fundi wa Chumba cha Injini

Shemeji wa Mombasa amesema kweli tupu, nami nitaongeza dogo kutoka chini kwetu, ambako hatuioni bahari kabisa. Fundi wa meli huzoea kelele hadi akaweza kulala juu yake. Kimya ndicho kinachomwamsha.

Katika vitabu vya kumbukumbu vya injini na vya mafuta hakuna kufuta wala kupaka wino mweupe. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya ulichoandika, namna ambayo kinaendelea kusomeka, kisha unaandika kilicho sahihi na kutia saini yako pembeni. Mkaguzi wa bandari hashtushwi na mstari huo. Anachokitafuta ni ukurasa msafi kupita kiasi. Nina karakana ya pampu na jenereta sasa, na vijana wangu wote wanaandika kwa utaratibu huo. Mteja akirudi na malalamiko, tunaweza kumwonyesha tulichodhani mwanzo, lini tulibadili mawazo na nani alibadili. Imenifanya niwe fundi wa bei ya juu kidogo kuliko majirani zangu, na bado wateja wanakuja. Ila nakubaliana na shemeji kwamba si kila desturi ya melini inafaa kushushwa. Nyumbani kwangu hakuna kitabu cha kumbukumbu, na mke wangu amenionya nisithubutu kukileta.

Kadeti Mtarajiwa, Dar es Salaam

Nawashukuru sana. Mama ameyasoma maelezo ya dada wa Mombasa mara mbili, kisha akamwita mjomba naye akasoma, na mjadala wetu umehama kabisa kutoka pale ulipokuwa.

Nina swali moja linalotokana na mliyoyasema. Kuna wakala aliyeniahidi nafasi kwenye meli ya makontena, lakini anataka nimlipe fedha za kunitafutia nafasi hiyo kabla ya Ijumaa, na anasema nikichelewa atampa mwingine. Mmesisitiza kuamua mapema. Je, huku si ndiko kuamua mapema, au hapa ndipo mahali pa kusema hatwendi?

Ofisa wa Zamu Mstaafu, Tanga

Kwanza, dada wa Mombasa, nimeyapokea, na mke wangu amekuunga mkono kwa kicheko ambacho sikukipenda.

Mwanangu, mtu anayekuharakisha hakupi nafasi ya kuamua mapema, anakuondolea. Mkataba huo huo wa mwaka 2006 unakataza wakala kumtoza baharia malipo ya kumtafutia kazi. Gharama unazoweza kubeba mwenyewe ni za cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Hata viza ni juu ya mwenye meli. Kwa hiyo hapo mwelekeo haubadiliki na umbali unapungua. Mwambie akupe jina la meli na namba yake ya IMO, yaani namba ya utambulisho ya kimataifa yenye tarakimu saba, ambayo haibadiliki hata meli ikiuzwa au kupewa jina jipya, pamoja na jina la mwenye meli na nakala ya mkataba wa ajira uusome ukiwa umetulia. Kisha peleka taarifa hizo kwa mamlaka ya usafiri wa majini uulize kama wakala huyo ana leseni. Hayo yote unaweza kuyafanya kabla ya Ijumaa.

Ukishafika melini, jambo la kwanza la kulilinda ni mapumziko yako: si chini ya saa 10 katika kila saa 24, na si chini ya saa 77 katika siku saba. Kuna meli ambazo utaombwa kutia saini karatasi inayoonyesha ulilala wakati ulikuwa kazini. Kadeti hana sauti kubwa, nami sitakudanganya kwamba kukataa ni rahisi; lakini utaratibu wa kulalamika melini upo kisheria, na daftari lako mwenyewe la saa zako hakuna anayeweza kukuzuia kuliandika.

Mke wa Baharia, Mombasa

Na ile namba ya IMO mpe mama yako pia. Ndiyo tunayoitumia huku kuangalia mtandaoni meli iko wapi, siku ambazo simu haipatikani.